Vifuniko vya Alta Rasmussen

Mimi nilikuwa nakwenda California. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wa Coyle, mji huu mdogo wa Wyoming, wakimwona mtu amekaa kwao miaka mingi hudhani alikuja kwa kupenda. Nilitoka Ohio na gari dogo la kijani, masanduku mawili na barua ya dada yangu iliyosema kazi zimejaa San Francisco. Nikaishika barabara namba themanini, ile mpya, ambayo wakubwa walisema ikikamilika itaikata nchi nzima kutoka karibu na New York mpaka bahari ya upande wa pili, na mtu hatakutana na taa hata moja ya kumsimamisha. Ramani yake ilikuwa nzuri sana. Haikusema lolote kuhusu Mlima Elk.

Ilikuwa Oktoba, mwaka 1970. Kipande cha Wyoming, kinachotoka Laramie na kupita miguuni pa mlima huo, kilikuwa kimefunguliwa siku chache tu kabla, lami bado nyeusi ti. Asubuhi jua lilikuwa linawaka. Saa sita mchana, kwa theluji na upepo, sikuiona hata pua ya gari langu mwenyewe. Nikasimama, nikafunga vioo, nikaanza kula biskuti zangu moja moja. Zilipobaki nne, mtu akagonga kioo. Alikuwa mzee mrefu mwenye barafu kwenye nyusi, na nyuma yake linanguruma gari la njano lenye bamba kubwa la chuma mbele, la kusukumia theluji.

"Unakwenda wapi, binti?"

"California."

"Leo huendi California. Leo unakwenda kwa mke wangu."

Huyo ndiye Virgil Rasmussen. Mke wake, Alta, ndiye ninayetaka kumsimulia, kwa sababu barabara ile ina vitabu na picha zake, na mtu aliyeifanya ipitike kwenye mlima wetu hayumo hata katika kimoja.

Alikuwa mfupi, mpana, mikono imejaa alama za moto wa tanuri, na mkahawa wake ulikuwa umejaa watu kama mimi. Hakuniuliza jina. Alinitazama, akaniwekea bakuli la maharage na nyama ya kusaga iliyokolea pilipili, na pembeni mkate wa mdalasini uliozungushwa kama konokono, unachuruzika sukari.

Nikasema, "Samahani mama, huu mkate ni wa baadaye?"

"Ni wa sasa. Unachovya."

"Kwenye pilipili?"

"We mtoto wa wapi?"

"Ohio."

"Ndiyo maana," akasema, akaenda zake. Nikachovya. Nikala mabakuli mawili, na kesho yake aliponitupia aproni niliifunga bila kuuliza. Gari langu lilipona baada ya siku tatu. Mimi nikasema nitaondoka Ijumaa, na Ijumaa hiyo bado naisubiri.

Alta alizaliwa mwaka 1912, mtoto wa Mdenmaki mchunga kondoo, na utotoni hakujua nyumba isiyo na magurudumu. Walihama na mifugo wakilala ndani ya gari la kukokotwa na farasi. Upande ule upepo haulali. Theluji ikianguka haikai ilipoangukia. Upepo unaizoa, unaikimbiza maili na maili, kisha unaitupa mahali pake palepale kila mwaka, rundo la kumzika ng'ombe amesimama. Asiyepajua anajenga hapohapo banda la kondoo wanaozaa, na Aprili anachimba mizoga. Kwa hiyo baba yake Alta alikuwa na desturi. Theluji ikianza kuyeyuka alizunguka uzio wa malisho na mfuko wa vifuniko vya makopo, na pale ambapo rundo liliacha alama kwenye nguzo alipigilia kifuniko, kimetobolewa tarakimu za mwaka kwa msumari. Wengine walifanya hivyo mwaka mmoja mmoja. Alta, baba yake alipozeeka, aliendelea bila kuruka mwaka, hata alipoolewa na Virgil, mkata manyoya ya kondoo aliyemzidi umri kwa miaka miwili, jambo ambalo Virgil alimkumbusha kila siku ya kuzaliwa kwake.

Mwaka 1946 waliuza kondoo wakanunua mkahawa Coyle, kwenye barabara ya zamani, namba thelathini. Hiyo ilikuwa inapita katikati ya mji, mlangoni kabisa. Kutoka Coyle ilizunguka mlima kwa mbali, upande wa kaskazini kupitia Medicine Bow, kwa sababu waliotangulia, wa reli na wa magari, hawakuwa wajinga. Malori yote ya nchi yalipita hapo, na madereva walijua mikate ya Alta inatoka tanurini saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri.

Kisha serikali ikapitisha sheria ya barabara kuu, na mwaka 1959 wapima wakaja. Walikuja Julai. Alta hakuwahi kuwasamehe hilo. "Unapima njia ya theluji Julai," alikuwa anasema, "kwani harusi yako uliipima msibani?" Wapima waliona vifuniko vinameremeta juu ya nguzo, vingine juu kuliko kichwa cha mtu, wakadhani ni vya kufukuza ndege. Jioni walivilenga shabaha kwa bunduki.

Ukaitwa mkutano katika ukumbi wa shule. Ukutani wakatundika ramani yenye mstari mwekundu ulionyooka chini ya mlima. Mhandisi kijana, Dwight Ostrander, tai yake imekaza, akaeleza kwamba njia hiyo inapunguza karibu maili ishirini. Wafugaji wakasimama mmoja mmoja wakasema hapana. Mwisho akasimama Alta. Alikuwa amekuja na nguzo nzima ya uzio begani, imeng'olewa pamoja na udongo wake.

"Mama, huo mti wa nini?" akauliza Ostrander.

"Hebu simama hapa, kijana. Sogea, sikuumi."

Akaisimamisha nguzo kando yake. Kifuniko kilikuwa juu ya kofia yake.

"Mwaka arobaini na tisa theluji ilifika hapo. Nguzo hii nimeing'oa pale unapotaka kuweka lami."

"Mama, barabara itainuliwa. Upepo wenyewe utaisafisha."

"Umewahi kukaa nao huo upepo?"

"Nimesoma habari zake."

"Haya. Upepo wa hapa hausafishi, mwanangu. Unahamisha."

Watu wakacheka, na wahandisi wakacheka pia, ila walikuwa wanacheka kitu kingine. Katika kumbukumbu za mkutano, ambazo nimeziona kwa macho yangu, imeandikwa: Bibi A. Rasmussen alileta nguzo. Basi. Uamuzi ukatoka mbali, kwa watu waliouona mlima kwenye karatasi.

Ujenzi wenyewe ulimnufaisha, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Miaka minne matingatinga yalichimba, baruti zikalipuliwa mpaka vikombe vikagongana rafuni, na wanaume mia mbili wenye vumbi masikioni walikula kwake. Alisema hajawahi kulisha vizuri hivyo watu wanaomchimbia kaburi. Ilipofika siku ya kufungua, kulikuwa na jua, bendi, utepe na hotuba. Jioni ile mbwa wa posta alilala katikati ya barabara ya Coyle mpaka akachoka mwenyewe. Magari yote yalikuwa yanapita nusu maili kusini, kwenye lami mpya, yakivuma, bila kupunguza mwendo.

Wiki haikuisha barabara ikafungwa kwa theluji, nami nikaletwa na biskuti zangu nne.

Sasa muelewe jinsi nyumba ile ilivyokuwa. Ilipojulikana mkahawa utakauka, Virgil alitafuta kazi, na kazi iliyokuwepo ni kusukuma theluji kwenye barabara mpya. Akifaulu, malori yanapita na mkewe anakaa na sufuria iliyojaa. Akishindwa, barabara inafungwa, magari yote yanarudishwa kwenye barabara ya zamani, na Alta anauza mpaka makombo. Asubuhi nilikuwa nawasikia.

"Unakwenda kazini?"

"Nakwenda."

"Nakuombea ushindwe."

"Ahsante, mke wangu. Nisaidie glavu."

Barabara ikifungwa Alta alitundika aproni yake nyekundu juu ya mlingoti uliokuwa wa tangazo la petroli, ili wanaotembea kwenye ule weupe wajue mlango uko wapi. Kukiwa shwari aliishusha, maana upepo ungeichana na aproni nzuri alikuwa nayo moja. Majira yale ya kwanza ilipanda mara kumi na moja.

Mara ya nane ilikuwa Februari. Mkahawani walikuwamo watu sitini na mbwa wawili. Akaingia pia, mweupe kwa theluji, mwanamume mwenye tai. Alikuwa Dwight Ostrander, kipara kimeanza, ametumwa kuchunguza kwa nini barabara yake inafungwa kila mara. Alta akamtazama, kisha akatazama juu ya kichwa chake, pale ambapo kifuniko kingekuwa.

"Umesoma nini safari hii?" akamuuliza.

"Mama Rasmussen, nipe tu kitu cha moto, unitukane nikishashiba."

Alipenda jibu hilo. Alimlisha, kisha akampeleka kwenye sinki, na Ostrander akaosha vyombo siku mbili.

Siku ya pili saa nne asubuhi redio ya mawasiliano ya gari la Virgil ikanyamaza. Wenzake walisema mara ya mwisho alisikika akiwa chini ya mlima. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Mkahawa haujawahi kujaa vile tangu ujengwe. Watu wanaimba, wanaagiza, na Alta amewapa mgongo anakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nikamwambia nimshikie mwiko. Akasema, "Niache, Nadine." Niliogopa kuliko nilivyoogopa ndani ya gari langu.

Saa kumi mlango ukafunguka. Akaingia Virgil, na nyuma yake mwanamke kijana, mumewe na mtoto mchanga ndani ya koti la Virgil. Virgil akaketi, na ilibidi Alta ndiye amvue kofia.

"Nilikuwa nasukuma," akasema. "Rundo limekaa mbele, laini, safi kabisa. Nikakanyaga mafuta niligonge, nipite katikati. Basi pembeni, kwenye uzio, nikaona kifuniko kimoja kinachezacheza. Kile cha baba yako, cha mwaka thelathini na moja."

"Nguzo ya bondeni," Alta akasema.

"Hiyohiyo. Ina kifuniko juu ya kichwa changu. Nikajiuliza, Virgil, hapa linaweza kufukiwa gari zima na usilione. Nikashuka na fimbo nikachoma. Futi mbili, nikagonga paa." Akamwonyesha mtoto kwa kidevu. "Walikuwa ndani."

Alta alileta mabakuli matatu na maziwa ya moto. Alimtazama mtoto, akamtazama mumewe, na alilia mbele ya watu sitini bila kujificha, aproni ikiwa nje mlingotini na hana cha kujifutia. Kisha akageukia sinki.

"We Ostrander. Kausha mikono."

"Naam, mama."

"Uzio wa kuzuia theluji mmeweka?"

"Tulijaribu mmoja kando ya lami. Ukazidisha matatizo."

"Lazima uzidishe. Nadine, leta unga na feni ya jikoni."

Akalaza utepe mweusi kwenye kaunta. "Hii barabara." Akamwaga unga mwishoni mwa kaunta, akawasha feni, na utepe ukapotea, pamoja na kahawa ya dereva mmoja. Akapangusa. Akachomeka uma sita kwenye donge la unga uliokandwa, akazisimamisha karibu na utepe, feni tena. Unga ukajikusanya juu ya utepe maradufu. "Uzio wenu huo." Akapangusa. Mara ya tatu alizisogeza uma mbali, karibu na feni. Unga ukagonga uma, ukapoteza nguvu, ukalala chini nyuma yake kabla haujafika. Utepe ukabaki mweusi. Madereva wakapiga makofi, na Ostrander, nyusi nyeupe, akauliza kwa sauti ndogo:

"Umbali gani?"

"Ndiyo swali la kwanza la maana ulilouliza tangu mwaka hamsini na tisa. Umbali hautoshi ukijua mmoja. Kila bonde lina wake. Ninao wote, umepigiliwa kwenye nguzo kwa miaka arobaini. Isipokuwa vifuniko mlivyovipiga risasi."

Virgil akaweka kijiko chini. "Alta. Unajua unachotoa?"

"Najua."

"Theluji ikikaa huko, barabara haifungwi. Isipofungwa, hapa haingii mtu."

"Nimesema najua, Virgil. Kula."

"Basi omba kitu, mama," mimi nikadakia. Nilikuwa nimekasirika. Nilishauzoea mkahawa ule, na nilimwona anaukabidhi kwa mtu aliyemcheka. "Wakulipe!"

Akafikiri kidogo. "Lango," akasema. "Mkitaka kufunga barabara, msiwafungie watu mlimani. Wekeni lango hapa Coyle, kwenye njia panda ya barabara yenu na yetu, wasimame penye sufuria."

Ostrander akasema malango yanaamuliwa ofisini. Alta akamwambia basi arudi sinki. Ostrander akasema atapigania, na kwa kweli alipigania, nasikia mpaka akagombana na mkubwa wake. Theluji ilipoyeyuka alirudi na mabuti badala ya viatu. Wiki tatu Alta alimtembeza nguzo kwa nguzo, akimwita "mwanafunzi," na jioni alirudi na midomo imepasuka kwa upepo na daftari limejaa. Kabla ya Oktoba nyua za mbao za kuzuia theluji zilikuwa zimesimama, ndefu kuliko nyumba, zimeinama kidogo, mbali kabisa na lami. Wageni hadi leo huuliza ni za wanyama gani. Na kwenye njia panda kukawa na lango, nguzo ndefu ya rangi nyekundu na nyeupe, na mwenye funguo zake akawa Virgil.

Alta akaanzisha desturi mpya. Kwenye mwimo wa mlango wa mkahawa alipigilia kifuniko kwa kila majira ya baridi, futi moja juu kwa kila mara barabara ilipofungwa. Cha kwanza, cha mara kumi na moja, kiliupita mlango kikaishia darini. Kilichofuata kilikuwa usawa wa kichwa. Kisha kifuani. Kisha kiunoni. Alivipigilia kwa fahari, anarudi nyuma hatua mbili anatazama, na mimi nyuma yake nahesabu viti vitupu. Sikuwa na moyo wake, nakiri. Siku nyingine nilisimama mbele ya zile nyua nikazisonya.

Mwaka 1979 kingefika usawa wa goti tu. Mara mbili tu majira mazima. Madereva wa lori walipita nusu maili kutoka kwetu, makundi kwa makundi, na tukiketi kimya tuliwasikia wanavyobadili gia kupanda mlima. Mwezi wa Machi Alta aliniambia atafunga mkahawa Pasaka. Alisema huku anakanda, hakunitazama. "Usinune, Nadine. California bado iko palepale." Nikaingia stoo nikalia kwenye magunia ya maharage.

Siku ya mwisho ya kazi ya Virgil, kabla ya kustaafu, kulikuwa na jua la kufumba macho. Saa tisa alasiri mikate ndiyo inatoka, michache, ya wateja wa mjini. Nikasikia breki. Nikachungulia. Lori moja linashuka kutoka njia panda, la pili nyuma yake, la tatu, foleni mpaka isikoonekana mwisho. Wanaume wakaanza kuingia wakinyoosha migongo.

"Kuna nini?" Alta akauliza.

"Lango limeshushwa, mama."

"Kwa theluji gani?"

Dereva akageuka akatazama anga. "Hata mimi nimejiuliza."

Alta akatoa mikono kwenye unga. "Nadine, washa gari." Lilikuwa lilelile la kijani, na liliwaka nilipolijaribu mara ya tatu. Tukamkuta Virgil kwenye njia panda, ameegemea lango, kofia kifuani, uso wa mtu aliyekwisha kamatwa.

"Virgil! Theluji iko wapi?"

"Itakuja."

"Lini?"

"Oktoba."

Nilicheka mpaka nikashika usukani. Alta hakucheka. "Umezeeka vibaya, mzee wewe. Umesimamisha nusu ya Marekani!"

"Miaka tisa naifungua barabara hii, Alta," Virgil akasema. "Kila nilipoifungua nilikuwa nakufungia wewe, na hukuninyima chakula hata siku moja. Leo usiku funguo si zangu tena. Nikasema nifunge mara moja, kwa ajili yako."

Alta akasimama pale na mikono yenye unga. Kisha akamsogelea, akamshika shavu, akamwachia alama nyeupe ya vidole vitano. "Nipe funguo," akasema. Akaliinua lango mwenyewe.

Tuliporudi akasimama mlangoni, akapiga kelele: "Barabara iko wazi! Mzee wangu amekosea! Nendeni zenu, njia njema!"

Hakuinuka mtu. Akarudia, akidhani hawakusikia. Mmoja, jitu la ndevu nyekundu, akainua mkono kama yuko darasani.

"Tumesikia, mama. Lakini mmeshafungua, si ndiyo? Tuletee basi."

"Mmeshafungua nini?"

"Mkahawa. Mimi napita hapa kila wiki, huu mwaka wa tano, naiota hii mikate. Lakini ile aproni nyekundu haipo juu. Wote tunaambiana kwa redio za malori: aproni ikiwa juu, kwa Alta kuko wazi. Isipokuwa juu, pamefungwa. Tulidhani mnafungua wakati wa theluji tu."

Alta alinitazama, nikamtazama. Miaka tisa tulikuwa tunaishusha ile aproni kila jua lilipotoka, tunaikunja vizuri, tunaiweka kabatini isichakae, kisha tunaketi kusubiri watu.

"Nadine," akasema taratibu, "ipandishe."

Ipo juu mpaka leo. Hii ni ya kumi na nne. Upepo unazichana, nami nashona nyingine. Alta alioka miaka mingine kumi na miwili, kukiwa jua kukiwa tufani, na Virgil akawa mwosha vyombo mbaya kuliko Ostrander.

Jioni ile wageni walipoondoka, nilichukua nyundo na kifuniko, nikatoboa mwaka, nikamuuliza nipigilie wapi, kwani halali ilikuwa mara mbili, usawa wa goti.

"Yule mzee amefunga bila theluji," Alta akasema. "Hiyo haihesabiwi."

Virgil alikuwa amesinzia kitini, alama ya unga bado shavuni. Alta akamtazama muda mrefu.

"Pandisha futi moja," akasema.